Karatasi ya aleji haijui mwanangu amekula nini

Karatasi yenyewe, ya majibu ya kipimo cha damu cha mwanangu, ilikaa kwenye friji yetu karibu miezi mitano, nimeibana na ile sumaku wanayokupa ukinunua mtungi wa gesi, na kila aliyeingia jikoni kutafuta maji baridi aliisoma. Ilikuwa na mistari kumi na minane. Kushoto jina la chakula, katikati namba, kulia alama za kujumlisha. Yai jeupe, yani ule ute mweupe, 8.4, daraja la 3. Kamba 2.6, daraja la 2. Karanga 1.2, daraja la 2. Ngano 0.9, la 2 pia. Soya 0.6, maziwa ya ng'ombe 0.5, daraja la 1. Vingine vyote chini ya 0.35. Na pale chini mtu wa maabara kaandika kwa peni ya bluu: "Aepuke vyakula vyote vilivyo chanya."

Hiyo sentensi moja ndo ilitutesa.

Mwanangu hapa namwita Kibopa, siyo jina lake, ni jina alilopewa na bibi yake kwa ajili ya mashavu. Alikuwa na miezi minane nilipompa yai mara ya kwanza, Jumamosi asubuhi, yai la kuvuruga tu na mafuta kidogo, akala vijiko vitatu anapiga meza kwa furaha. Kama dakika kumi hivi zikapita nikaona kidevu kimekuwa chekundu, nikajua ni mate, nikamfuta, nikageuka kuosha sufuria, kugeuka tena mtoto ana mabaka shingoni na tumboni kama kaumwa na mbu ishirini kwa mpigo, mdomo wa juu umevimba umekuwa kama wa bata, akatapika mara mbili. Sikumbuki nilivaaje. Nakumbuka dereva wa bajaji pale Tabata hakuuliza hela mpaka tulipofika. Hospitali wakamdunga sindano, tukakaa pale mpaka jioni, akalala, akaamka anacheka. Jirani akasema ni mdudu kampitia.

Sasa tangu ana miezi mitatu alikuwa na pumu ya ngozi, ile ya mashavu na mikunjo ya viwiko, anajikuna usiku mpaka shuka linapata madoa ya damu. Kwa hiyo daktari wa kwanza tuliyemwona akasema huyu mtoto ana mwili wa aleji, tupime kila kitu tujue. Nikaona sawa, kupima kila kitu ndo akili. Nani asingependa kujua kila kitu? Wakatoa damu, tukalipa, bima ikakataa, baada ya wiki mbili karatasi ikaja.

Mi ni mtu wa kufuata maagizo. Nikafuata. Nikatoa yai, sawa. Nikatoa maziwa. Nikatoa ngano yote, chapati, maandazi, mkate, tambi. Nikatoa karanga na soya, na hapo ndo nikalazimika kutupa kopo zima la uji wa lishe, maana ule uji wetu una mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, karibu nusu ya karatasi imesagwa pamoja. Halafu woga ukaniongezea na ya kwangu, nikasoma intaneti kwamba maharage ni ndugu wa karanga, nikatoa maharage. Samaki karatasi ilisema hana shida naye, ila si anakaa bahari moja na kamba? Nikatoa samaki. Na kwa kuwa bado ananyonya na mimi nikaacha vyote hivyo, nikawa nakula wali na mchicha, nimekonda, nina hasira na kila mtu.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi wa pili wa hayo mambo. Akafungua kabati, akafungua friji, akasoma karatasi kwa miwani yake, akamwangalia mjukuu. "Mwanangu, huyu mume wangu mnamlisha nini sasa? Viazi na maji?" Nikamwonyesha namba. Akasema, "Mimi namba sizijui. Ila alipokuja kwangu na miezi saba alikuwa anakunywa uji kikombe kizima na hakuna hata kipele kilichotoka."

Nilimkasirikia sana. Nikaona ndo wale wazee wanaosema sisi tumekula vyote na hatukufa. Na mle kwenye maneno yake kulikuwa na jibu lote la tatizo letu, mi sikulisikia, nililisikia miezi mitatu baadaye kwa mtu mwenye koti jeupe.

Kabla ya kufika huko nieleze ya chanjo maana najua kuna mama yatamkuta. Miezi tisa nikampeleka kliniki kwa chanjo ya surua na rubela, nesi akaona nimesema aleji ya yai, akafunga kadi, akasema hii chanjo ina yai hatuwezi kumpa. Tukarudi nyumbani bila. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba chanjo ya surua inakuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku lakini protini ya yai inayobaki ni kidogo mno, watoto wenye aleji ya yai wanachomwa kama kawaida. Ya homa ya manjano ndo tofauti, ile inakuzwa kwenye yai lenyewe, hiyo kabla ya kuchoma uongee na daktari. Kibopa alipata surua yake amechelewa miezi minne, na katika mtaa wenye watoto wengi kama wetu hiyo siyo mchezo.

Mwaka mmoja ulipofika kadi ya kliniki ikaongea. Miezi minane alikuwa kilo 8.9. Mwaka mmoja kilo 9.0. Mstari uliokuwa unapanda kama ngazi ukalala chali. Mashavu yaliyompa jina yakawa yanaisha. Baba yake ndo akasema basi, tutafute mtu mwingine.

Huyo mwingine alikuwa daktari wa watoto, mama mtu mzima, anayeshughulika na aleji. Nikamwamkia, nikaweka karatasi mezani kwa fahari kabisa kama mwanafunzi aliyeleta kazi ya nyumbani. Hakuiangalia. Akaigeuza kifudifudi, akasema, "Mama, kwanza nisimulie mtoto."

Akaniuliza maswali matatu tu, ila kwa kila chakula, mmoja baada ya mwingine: alishakula? Kilitokea nini? Baada ya dakika ngapi? Yai: alikula, mabaka, mdomo, kutapika, dakika kumi. Ngano: alishakula? Nikakaa kimya. Alishakula, kwenye uji, tangu miezi sita, asubuhi na jioni. Kilitokea nini? Hakuna. Soya? Kwenye uji. Hakuna. Karanga?

Hapo nikaanza kulia kwa sababu nilishaelewa. Miezi miwili mizima, mara mbili kwa siku, mwanangu alikuwa anakunywa karanga na hakutoka hata kipele, halafu karatasi ikaja ikasema daraja la 2 na mi nikaiamini karatasi nikamwacha mtoto.

Ndo akaigeuza karatasi. Alivyonieleza sijasahau. IgE ni kingamwili, ndicho kilichohesabiwa kwenye ile damu. Akasema uifikirie kama mlinzi wa geti mwenye daftari. Damu inakuonyesha jina la nani limeandikwa kwenye daftari, basi. Haikuonyeshi kama mlinzi akimwona huyo mtu atapiga filimbi au atamsalimia apite. Watoto wengi sana, hasa wenye pumu ya ngozi, wana majina mengi kwenye daftari na filimbi hailii. Kuwa na jina kwenye daftari na kuwa na aleji ni vitu viwili, na kinachotofautisha ni mtoto mwenyewe anapokula.

Kuhusu namba, hapa watu wengi tunakosea na mi nilikosea. Ile 0.35 ni mpaka tu ambao maabara nyingi zimekuwa zikiutumia kusema chanya au hasi, na madaraja kutoka 0 mpaka 6 ni namba zilezile zimegawanywa mafungu, la 2 linaanzia 0.7, la 3 linaanzia 3.5, la 6 ni 100 na kwenda juu. Namba ikiwa kubwa ina maana uwezekano wa kuwa aleji ya kweli ni mkubwa. Haina maana mtoto ataumwa vibaya zaidi. Mwenye 2 anaweza kubanwa pumzi na mwenye 40 akatoka vipele akaendelea kucheza. Mi miezi yote hiyo nilikuwa nalinganisha: kamba 2.6 ni mbaya mara mbili ya karanga 1.2. Hakuna hesabu kama hiyo.

Na kamba! Kibopa hajawahi kula kamba, hajawahi hata kuwaona, mimi mwenyewe nawala kwenye harusi za watu. Nikauliza imekuaje aleji itoke kwa kitu hajakila. Akatabasamu, akauliza, "Nyumbani mna mende?" Nikaona aibu, ila jamani, Dar nani hana mende. Kumbe kuna protini ya misuli inaitwa tropomayosini, iko kwa kamba, iko kwa mende, iko pia kwa vile vidudu visivyoonekana vya vumbi la godoro, na zinafanana kiasi kwamba mwili uliokutana na mende kitandani unaweza kuandika jina la kamba kwenye daftari. Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani. Miezi mitano tumekimbia uduvi, soko la samaki la Feri nilikuwa napita nimeziba pua ya mtoto, kumbe huenda ni mende wa chini ya sinki.

Akanipa na mfano mwingine, huu ulinikaa kwa sababu unatuhusu sisi wa huku. Ghana walipima watoto wa shule zaidi ya 1,600, utafiti ukatoka 2013. Kwenye damu watoto 17.5 kati ya kila 100 walionekana wana IgE ya karanga. Walipowapima kwenye ngozi wakabaki kama 2 kati ya 100. Na watoto wale wanakula karanga kama kawaida. Waliokuwa na kichocho ndo walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na hiyo IgE, kwa sababu minyoo ya kichocho ina sukari fulani juu ya protini zake ambazo zinafanana na zilizo kwenye karanga, damu inachanganya. Kwa hiyo mtoto wa sehemu zetu akipimwa vyakula kumi na nane kwa mkupuo bila mtu kuuliza amekula nini, chanya za uongo zitatoka tu, itakuwa ajabu zisipotoka.

Akachukua peni nyekundu akaanza kukata. Ngano, kata. Soya, kata. Maziwa, kata, kwa sababu alishakula mtindi. Samaki na maharage hata hayakuwa kwenye kesi, "hayo umeyafunga wewe mwenyewe mama." Na mimi nile kila kitu, mtoto hakuwahi kutoka kitu kwa kunyonya. Vikabaki vitatu: yai, ambalo halina ubishi. Kamba, ambaye hana haraka. Na karanga, ambayo akaizungushia duara akaweka alama ya kuuliza.

Kwa nini karanga asiikate wakati alikuwa anakula? Hapa ndo sehemu ambayo kwakweli iliniuma. Akasema mtoto mwenye pumu ya ngozi anayekula chakula kila siku, tumbo lake linaufundisha mwili kuwa huyu ni rafiki. Ukimwondolea kile chakula muda mrefu, wakati huohuo ngozi yake imepasuka na vumbi la karanga la nyumbani linaingia kupitia ngozi, mwili unaweza kubadilisha mawazo. Wapo watoto waliokuwa wanakula vizuri, wakaondolewa chakula kwa sababu ya karatasi, waliporudishiwa wakapata aleji ya kweli, ile mbaya. Yani nilichofanya kumlinda kinaweza kuwa ndo kimemletea. Kwa hiyo karanga hatuirudishi jikoni kwangu, tunairudishia hospitali.

Kwanza lakini kipimo cha ngozi. Wiki nzima kabla nisimpe setirizini, dawa yake ya aleji, maana inazima majibu, na hiyo wiki hatukulala, anajikuna sisi tunampepea. Siku yenyewe ni rahisi kuliko damu: wanaweka matone mgongoni kwa mistari, wanachoma kidogo juu ya kila tone, siyo sindano ya kuingia ndani, unasubiri dakika kumi na tano mtoto asijipapase, hapo ndo kazi. Tone moja ni histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na mwasho, hilo lazima livimbe, likikosa kuvimba ujue kipimo kimeharibika. Moja ni maji ya chumvi, hilo lazima likae kimya. Halafu wanapima kinundu kwa rula ndogo ya plastiki inayoona ndani. Kinundu kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ndo wanasema chanya. Yai 8. Mende 5. Kamba 3. Karanga 2. Ngano na maziwa, sifuri. Nilipiga picha ule mgongo, nikamtumia baba yake wasap, akajibu "mende???"

Katikati ya hayo shoga yangu mmoja wa grupu la kinamama akanishauri kipimo kingine, amelipa hela nyingi, ameletewa kitabu cha rangi, vyakula zaidi ya tisini, vyekundu, vya njano, vya kijani. Mwanae hali embe, hali ndizi, hali kuku. Nikampelekea daktari picha. Kile ni kipimo cha IgG, siyo IgE, herufi moja tu tofauti ila ni mambo mawili kabisa. IgG inaonyesha mwili umeshakutana na chakula, ndo maana chakula unachokula sana kinakuja chekundu. Jumuiya za madaktari wa aleji za Ulaya, Marekani na Kanada zote zimeshasema kisitumike kutafuta aleji ya chakula. Nilimwambia shoga yangu kwa upole. Hajanijibu mpaka leo, na namwelewa, mtu akishalipa hela ile anataka iwe kweli.

Kurudisha vyakula vya nyumbani kulikuwa kwepesi kuliko nilivyoogopa. Daktari alituruhusu ngano, maziwa na soya nyumbani kwa kuwa hakuwahi kudhurika navyo na ngozi ilikuwa safi. Sheria zake: kimoja kimoja, siku tatu ndo kifuate kingine, asubuhi siyo usiku, siyo siku ana mafua au homa, siyo Jumapili wakati hujui zahanati gani iko wazi, na niandike. Nina lile daftari bado. "Jumanne saa 2:30, mtindi nusu kijiko. 2:45 sawa. 3:00 sawa. 3:10 kanya." Mama mkwe alikuwa anakaa pembeni na saa yake ya mkononi kama refa.

Siku ya karanga tulifika saa moja asubuhi. Kitanda, nesi, mashine ya oksijeni pembeni, na ukutani kabandika karatasi yenye kilo za Kibopa na dozi yake ya adrenalini, ile sindano ya dharura ya aleji kali, imeshahesabiwa kabisa, kwa herufi kubwa. Ile karatasi ndo ilinitia hofu na ndo ilinituliza. Siagi ya karanga laini, tumeichanganya na uji vuguvugu. Dozi ya kwanza ncha ya kijiko tu, kama unaonja chumvi. Dakika ishirini. Robo kijiko cha chai. Dakika ishirini. Nusu. Hapo shavu la kushoto likawa jekundu, nikapiga kelele, kweli nilipiga kelele, mama wa kitanda cha pili akasimama. Nesi hakukimbia. Akachukua kitambaa cha maji, akamfuta karanga iliyopakaa shavuni, akamfungua shati akaangalia tumbo, mgongo, akamsikiliza kifua, akasema tusubiri. Baada ya dakika kumi wekundu umeisha. Ngozi yenye pumu ikipakwa chakula inawasha palepale, siyo lazima iwe aleji ya kula. Tukaendelea, kijiko kizima, vijiko viwili. Halafu masaa mawili ya kukaa tu kumwangalia akicheza na kifuniko cha chupa.

Akapita.

Nikiwa nakunja khanga daktari akaja na agizo ambalo sikulitegemea: sasa usimwache. Karanga mara tatu kwa wiki, kama vijiko viwili vya chai kila mara, kila wiki, isipite. Punje nzima hapana, mpaka miaka mitano, atapaliwa. Akaniambia kuna utafiti ulifanyika London, majibu yakatoka 2015, wa watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, yani Kibopa mtupu. Nusu walilishwa karanga tangu uchanga, nusu wakakatazwa. Kufika miaka mitano, kwa wale ambao ngozi haikuvimba kwenye kipimo cha mwanzoni, waliokatazwa 13.7 kwa 100 walikuwa na aleji ya karanga, waliolishwa 1.9. Nikamkumbuka bibi na kikombe chake cha uji. Sijamwambia bado kwamba alikuwa sawa na watu wa London, atanisumbua.

Yai lina habari ndefu zaidi kwa sababu hilo ni aleji kweli. Ila hata hapo nilijifunza kuwa yai siyo kitu kimoja. Protini nyingine za yai jeupe zinavunjika kwa moto, nyingine ile ngumu inavumilia moto kiasi, ila ukilioka ndani ya unga wa ngano muda mrefu nayo inashikwa na unga, mwili wa wengine hauitambui. Watoto wengi wenye aleji ya yai, kama saba kati ya kumi, wanaweza kula yai lililookwa kwenye keki, na kula huko kunaonekana kunawasaidia aleji iishe mapema. Ila lazima ujue mwanao ni kati ya hao saba au wale watatu, na hilo halijulikani jikoni, nasema kwa herufi zote, kama mtoto alishavimba au kutapika au kubanwa usijaribu mwenyewe kwa sababu umesoma mahali, hata kama ulichosoma ni hiki.

Resipe tuliyopewa ni mayai mawili, vikeki sita, nusu saa kwenye oveni nyuzi 180, mpaka katikati pakauke. Kila kikeki theluthi ya yai. Mama mkwe akasema yeye anaoka mkate wa mayai tangu hatujazaliwa, jiko la mkaa, moto juu moto chini, ya nini kuhangaika na oveni. Nikamuuliza unatia mayai mangapi. Akahesabu kwa vidole. "Manane." Unga? "Kikombe." Huo siyo mkate mama, hiyo ni omleti yenye sukari. Tulicheka mpaka akakaa chini. Lakini alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa karatasi: kinachotakiwa ni unga mwingi, yai kidogo, moto mrefu. Vikeki vya mtihani alioka yeye, hospitali tukaenda navyo kwenye kontena, Kibopa akala kimoja chote kwa vipande, hakuna kitu.

Kosa nililofanya ni hili. Wiki mbili za vikeki, mambo shwari, nikajiona mjanja. Asubuhi moja nikapika chapati za maji, nimetia yai moja kwenye unga, nikampa kipande. Mafua alikuwa nayo tangu usiku, niliyaona na nikayapuuza. Dakika ishirini, mabaka mdomoni na kidevuni. Setirizini, simu kwa daktari, tumekaa tunamwangalia pumzi, hakutapika, hakubanwa, saa nne yameisha. Chapati ya maji inakaa kwenye moto dakika mbili tatu, hiyo ni ngazi nyingine kabisa na keki ya nusu saa, na mtoto akiwa mgonjwa mwili unashtuka kwa kidogo ambacho siku nyingine usingeshtukia. Nilijua daktari ataniambia tuache yote. Akasema hapana, rudi kwenye kikeki akipona, kaa hapo miezi mitatu, na mama, acha haraka.

Adrenalini nayo niiseme. Zile kalamu za kujichoma maduka yote ya dawa tuliyouliza hawakuwa nazo. Tuna mpango mbadala tuliofundishwa na daktari, na tunajua hospitali ipi karibu inayo na barabara ya kufika usiku. Vipele peke yake setirizini inatosha. Akianza kukohoa mfululizo, sauti kukwama, kupumua kwa shida, kulegea, au vipele pamoja na kutapika tena na tena, setirizini haimwokoi, ni adrenalini ya paja, na mtoto alazwe chali, au akae kama anabanwa pumzi, asibebwe amesimamishwa begani. Dada wa nyumbani anajua, bibi anajua, mwalimu wa chekechea kaandikiwa.

Kibopa sasa ana miaka miwili na miezi miwili, kilo 12, mashavu yamerudi. Tulipima tena damu, mstari mmoja tu safari hii, yai, 2.1 kutoka 8.4. Wiki iliyopita tukaenda hospitali kwa mtihani wa yai la kuchemsha, dakika kumi na mbili, gumu kabisa. Nimejiandaa mwezi mzima. Nesi yuleyule, karatasi ya dozi ukutani, kilo mpya. Daktari akakata kipande kama punje ya mchele, akampa.

Kibopa akakiweka mdomoni, akakunja uso, akakitema kwenye kiganja changu.

Tukajaribu na uji. Katema. Tukajaribu kuficha kwenye ndizi. Kala ndizi, yai kalibakiza juu ya ulimi kama mtu anayetenganisha miba. Saa nzima, watu wazima watatu tunabembeleza. Mwisho daktari akavua miwani akaniuliza kwa wastani kimeingia kiasi gani, nikamwambia labda hiyo punje moja, akaandika, akatupa tarehe nyingine. Nje bibi alikuwa anasubiri kwenye benchi, akauliza vipi, imekataa tena? Nikamwambia hapana mama, safari hii ni yeye ndo kakataa.